Mjomba Dobi, uliyeunguza suruali ya bwana harusi

Mwaka umetimia, Mjomba Dobi, tangu ulipotutoka, na hadi leo kuna watu wanaopita mbele ya duka lako asubuhi wakaita "Mjomba!" kwa mazoea, kisha wakakumbuka na kuziba mdomo. Mkeo huwajibu kutoka ndani, "Ingieni tu, mwenyewe katangulia, mashati yapo." Basi huingia, hukaa kwenye benchi la wateja na kuanza kukusimulia, na muda si muda benchi zima linacheka. Kwa hiyo sisi wa nyumbani kwako tumeamua kwamba tangazo hili halitakuwa la kulia. Ungetucheka, nasi tunakujua ulivyokuwa ukicheka, hadi unashika meza.

Wasiokufahamu wajue kwamba ulikuwa dobi, na chumba cha mbele cha nyumba yetu ndicho kilikuwa duka. Kulikuwa na meza ndefu iliyovishwa blanketi na shuka jeupe, pasi mbili, chupa ya maji ya kunyunyizia, na kamba zilizovuka ua mzima hata mgeni akawa hapiti bila kupigwa kofi la mkono wa shati. Hukupiga pasi kimyakimya hata siku moja. Uliongea na nguo. Shati la mwalimu mkuu uliliambia, "Wewe kola imechoka, umeshinda ukifoka tena." Suruali ya dereva wa basi uliipa pole kwa kukaliwa kutwa nzima. Mkeo alikuwa akisema aliolewa na mume mmoja, akajikuta anaishi na baraza zima.

Lakini aliyekufanya uitwe Mjomba na mtaa mzima, hata na wazee waliokuzidi umri, ni Nukta. Huwezi kutajwa wewe yeye asitajwe, kwa hiyo tunamsimulia.

Mdogo wako wa kike alifariki wakati binti yake hajaanza hata kusimama dede. Baba wa mtoto alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, leo yupo kesho hayupo. Mtoto akapita mikononi mwa watu: jirani mmoja, kisha mke wa mwenye nyumba, kisha ndugu wa mbali aliyekuwa akienda kazini na kumfungia chumbani na kipande cha mkate. Habari hiyo ya mwisho ilipokufikia ulifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hukulifanya hata siku ya harusi yako, ukaenda kumchukua. Ulirudi naye begani, ukamweka juu ya meza ya kupigia pasi, katikati ya lile shuka jeupe. Alikuwa mdogo mno kwa umri wake, na alibaki palepale ulipomweka kana kwamba ameambiwa asisogee. Ukatuita: "Jamani, njooni muone, nimeleta nukta." Jina likamganda.

Wageni walimsifu sana. "Mtoto mpole huyu! Hasumbui hata kidogo!" Na kweli hakusumbua. Alipokuwa na njaa hakulia, na alipolala na kuamka gizani hakuita mtu. Alipoanguka aliinuka, akajipangusa magoti, akaendelea na safari yake. Mwanao mkubwa, wakati huo akiwa darasa la kwanza au la pili, alimwonea fahari.

"Baba, huyu ni jasiri."

"Jasiri wapi," ulisema. "Mtoto akianguka huangalia kwanza kama kuna mtu. Huyu haangalii."

Ukampeleka kliniki ya watoto, kwa yule muuguzi mwenye miwani na maneno machache. Alimchezesha Nukta, akatikisa funguo nyuma ya kichwa chake, naye akageuka. Akampa kikombe na kijiko, akavishika vizuri. Kisha muuguzi akakugeukia wewe uliyekuwa umekaa ukingoni mwa kiti kama mshtakiwa.

"Masikio mazima. Akili ipo. Huyu hajakosa akili, baba, amekosa mtu."

Akakueleza taratibu. Mtoto mchanga akitoa sauti, mtu akamjibu, akitazama, mtu akamtazama, katika kupokezana huko ndimo kichwa chake kinamojengeka, tofali moja baada ya jingine. Akilia asije mtu, akilia tena asije mtu, mwisho anajifunza kwamba kulia ni kazi bure, anaacha. Si upole, ni kukata tamaa akiwa bado na meno ya maziwa. Uliposikia hivyo ulisogeza kiti karibu naye.

"Sasa dawa yake nini?"

"Dawa ni wewe. Sura ileile, kila asubuhi. Akitoa sauti yoyote, mjibu. Na asibadilishwe mikono tena, tafadhali."

"Sauti yoyote?"

"Yoyote."

Maskini, yule muuguzi hakujua alikuwa anamwambia nani.

Tangu siku hiyo ulimjibu Nukta chafya, ukamjibu miayo, ukamjibu kwikwi. "Kwikwi! Karibu ndani, mbona umechelewa?" Tumbo lake likinguruma uliliitikia, "Nimekusikia, bwana, uji uko jikoni." Ulimkalisha ndani ya kapu la nguo safi pembeni ya meza, ukamwinulia kila nguo: "Nukta, hili tulikunje au tulitundike?" Kisha ulinyamaza, pasi ikiwa hewani, ukamtazama, ukangoja. Mteja naye anangoja shati lake, ana haraka zake, wewe unangoja jibu la mtoto asiyesema. "Subiri kidogo," ulikuwa ukimwambia, "tunashauriana." Wengine walidhani umepungukiwa. Lakini walirudi, maana hakuna aliyenyoosha mikunjo kama wewe.

Kisha ikaja habari ya mikate. Nukta alikuwa haamini kwamba chakula kilichopo leo na kesho kitakuwepo, kwa hiyo kila alipopewa mkate alikula nusu na nusu akaificha. Na kwa dobi, mahali pa kuficha ni wapi kama si mifukoni? Mhasibu mmoja akaingiza mkono kwenye koti katikati ya mkutano, akatoa ukoko. Dereva wa basi alikuja mwenyewe kutoa shukrani. "Mjomba, hii huduma ya kifungua kinywa ni ya wateja wote au mimi peke yangu?" Jirani yetu, fundi cherehani, akashauri mtoto achapwe kidogo. "Samaki mkunje angali mbichi," akasema.

"Huyu amekwisha kukunjwa mno," ulimjibu. "Mimi kazi yangu ni kunyoosha."

Ukamwomba huyohuyo fundi cherehani amshonee Nukta mfuko mkubwa mbele ya gauni. Kila asubuhi uliujaza mkate mbele ya macho yake, ukaupiga kofi dogo, ukasema, "Huu wako. Ukiisha, kuna mwingine." Mwanzoni hakula hata kidogo, alitembea ameushika kwa mikono miwili. Baadaye akawa anakula robo. Siku tulipoukuta mfuko mtupu saa nne asubuhi, naye amekaa kwenye kapu ana makombo mashavuni hana wasiwasi, ulituita wote tuje kuutazama mfuko mtupu. Tulikuja. Tulikuwa tumekwisha kukuzoea.

Hata hivyo hakulia. Na muda ulikuwa unakwisha, maana kwenye msiba wa mdogo wako pande mbili zilikuwa zimekubaliana kwamba mtoto atalelewa na shangazi yake, dada wa baba yake, mara atakapohamia nyumba yake mpya. Ulikuwa umekubali mbele ya watu, na kwako ahadi ilikuwa deni. Ulijaribu kumweleza Shangazi alichosema muuguzi. Shangazi hakuwa mtu mbaya hata chembe. Alikuwa na vyumba vya kutosha, moyo mweupe, na haki upande wake.

"Shemeji, usijitie presha," alikuambia. "Watoto huzoea. Wiki mbili tu atakuwa amenizoea."

"Ndiyo shida yake, shemeji. Amezoea kuzoea."

Mkeo anasema usiku ule ulipiga pasi kila kitu cha yule mtoto, hata soksi, hata ile fulana ya kulalia iliyotoboka kwapani.

Shangazi akaja asubuhi, amependeza, ameshika viatu vipya vyekundu. Akamvalisha Nukta, akamnyooshea mkono, na Nukta akaupokea. Hivyo tu. Alimpa mkono wake kama alivyowapa wote waliowahi kuja kumchukua, bila swali, bila kugeuka nyuma. Hilo ndilo lililokuumiza kuliko kuondoka kwenyewe. Ukajifanya una kazi nyingi. Mezani palikuwa na suruali ya bwana harusi, sherehe ikiwa kesho yake, ukainama juu yake na pasi ukawa unapiga mahali palepale, palepale, huku husemi na suruali wala husemi na mtu. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia lile duka limenyamaza.

Viatu vipya vilikuwa na soli laini. Kwenye kizingiti Nukta akateleza, akaanguka kwa magoti, paa!

Tulijua kinachofuata. Atajiinua, atajipangusa, ataendelea. Hakujipangusa. Alikaa palepale chini akatazama goti lake, kisha akageuza kichwa. Akamtazama Shangazi, akampita. Akatutazama sisi, akatupita. Alikuwa anatafuta mtu. Alipokuona wewe midomo ikaanza kumtetemeka, akakunyooshea mikono yote miwili, na hapo kikatoka kilio ambacho fundi cherehani alikisikia nyumba ya tatu na cherehani yake ikiwa inanguruma.

Ulifikaje pale mlangoni hakuna ajuaye. Tulichoona ni wewe uko magotini, umemkumbatia, unalia na kucheka kwa pamoja. "Umeniita! Nukta, umeniita! Nipo! Mke wangu, njoo, analia!" Mkeo alitokea uani na mapovu ya sabuni hadi kwenye viwiko, akaona, akapiga vigelegele. Wanao wakaanza kurukaruka kwa sababu kila mtu alikuwa anaruka. Fundi cherehani akaingia anahema, utepe wa kupimia ukiwa shingoni.

"Kuna msiba?"

"Msiba gani! Nukta analia!"

"Mtoto analia nanyi mnacheza?"

"Lia, mama, lia," ulikuwa ukimwambia mtoto. "Lia tena, nasikia."

Shangazi ndiye pekee aliyebaki na akili timamu pale ndani. "Samahanini," alisema, "kuna kitu kinaungua."

Pasi uliiacha pale ilipokuwa, juu ya paja la bwana harusi, yaani la suruali yake.

Moshi ulipotolewa nje, Shangazi alikaa kwenye benchi la wateja, mkoba magotini, akakutazama kwa muda mrefu. Ulikuwa unamwosha Nukta goti, naye ameng'ang'ania shati lako kwa ngumi mbili. Kila ulipoinuka kufuata maji alipiga yowe, na kila alipopiga yowe ulimjibu, na kila ulipomjibu alinyamaza. Kama mchezo. Shangazi akakuuliza kama ni kweli mtoto hajawahi kulia kabla ya hapo. Ukamwambia hata siku moja. Shangazi akajifuta macho kwa kiganja, kwa hasira kidogo, kama mtu aliyegundua amekuja nyumba isiyo yake.

"Shemeji, mimi nilikuja kuchukua mtoto asiye na mtu. Huyu ana mtu."

Akamvua Nukta vile viatu. "Hivi nitavibadilisha," akasema. "Vinateleza." Akaenda zake peke yake, na tangu hapo hakukosa likizo hata moja kuja kutusalimu. Ndugu wengine walipotaka kuifufua habari ya makubaliano, yeye ndiye aliyewanyamazisha. Shangazi, tunakushukuru hapa mbele ya watu.

Mchana bwana harusi akaja kufuata suruali. Ulimpokea na mtoto begani, ukaitandaza mezani bila kuficha. Alama ya pasi ilikuwa imekaa kamili, na ncha yake.

"Iko tayari," ulisema, "ila ina dirisha."

Macho yakamtoka. Alifungua kinywa atukane, na haki alikuwa nayo, lakini ulimsimulia yote tangu kliniki, na ulipofika mwisho Nukta akamtazama yule kijana usoni, akaangua kilio upya. Bwana harusi akashindwa, akacheka. Alioa akiwa amevaa suruali yako wewe, ile ya harusi yako, nawe hukuwa mrefu. Katika picha zote anaonekana vifundo vya miguu, na mkewe husema hadi leo kwamba alivipenda vifundo kwanza, mengine baadaye.

Wewe ulikuwa umeomba kilio, ukakipata. Nukta alilia mwaka mzima. Alilia ukienda chooni, alilia ukivaa kofia, alilia ukimpa kikombe cha bluu akiwa anataka cha kijani ambacho hatukuwa nacho. Mkeo alikuambia nenda kamuulize muuguzi kama kuna dawa ya kurudisha nyuma. Muuguzi alicheka, akasema anakusanya malimbikizo yake, mwacheni. Na katikati ya vilio hivyo maneno yakaanza. La kwanza alimwambia mwalimu mkuu mwenyewe, alipokuja kuchukua mashati. Nukta alimtazama shingoni kwa makini, akainua kidole, akasema, "Kola imechoka." Mwalimu mkuu alikaa chini.

Hatutii chumvi, Mjomba. Si kila kitu kilinyooka. Alipoanza shule aliuma wenzake, na hesabu zilimchelewa. Mlango ukifungwa alitetemeka mwili mzima. Ukaenda ukakaa naye darasani kwenye kile kiti kidogo, magoti yamefika masikioni, hadi mwalimu akakupa kazi ya kufuta ubao. Mwaka ule darasa lilisoma mlango ukiwa wazi, na kuku wa jirani wakasoma bure. Hadi leo Nukta hulala mlango ukiwa nusu wazi, na ukimwambia "ngoja hapa, narudi" lazima umwambie unarudi saa ngapi. Mwanzo ule haukufutika. Palijengwa juu yake, basi, na wewe ndiye uliyejenga, kila siku, kwa maneno yako mengi yasiyokwisha.

Sasa yeye ndiye sauti ya stendi ya mabasi. Amekaa kwenye kibanda cha matangazo, kipaza sauti mbele yake, na abiria hawaambiwi tu basi linaondoka, wanaulizwa pia kama wamekunywa maji. Meneja alimwonya kwamba tangazo ni tangazo, si mazungumzo. Akamjibu kwamba hakufundishwa aina nyingine.

Zile siku zako za mwisho hospitalini, ulipokuwa huwezi tena kusema, yeye ndiye aliyekaa kitandani pako. Alikusimulia kila shati lililoingia dukani na hali ya kila kola. Alikuuliza jambo, akanyamaza, akakutazama, akangoja. Ukapepesa macho. "Haya," akasema, "basi tulitundike." Akaendelea na shati jingine. Tuliokuwa mlangoni tulilia, ndiyo, lakini wewe ulikuwa unatabasamu, na hilo tumeliona kwa macho yetu.

Wiki iliyopita tulikaa kuandika tangazo hili, tukagombana mwishoni, penye majina ya wanaokukumbuka. Wanao walitaka Nukta aandikwe binti yako. Mkeo akasema hilo halina hata mjadala, yeye ndiye aliyemwogesha na kumsuka, na anaitwa Mama na mtoto huyo tangu zamani. Nukta akaingia kutoka kazini, sauti imemkauka, akavua viatu, akasikiliza.

"Niandikeni mpwa," akasema.

Mkeo aliumia, akashindwa kuficha. "Mpwa? Baada ya yote yale?"

"Mama, sikiliza. Baba mtu anapewa tu, akimtaka asimtake. Huyu mjomba mimi nilimlilia mwenyewe, mbele za watu, mpaka nikampata. Niandikeni mpwa."

Tukaandika mpwa.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakusubiri umalize kusema, na wanao wawili, dereva na fundi umeme, na Shangazi, na fundi cherehani, na bwana harusi, mkewe na watoto wao, na benchi zima la wateja, na mpwa wako, Nukta.

Hutatutoka moyoni maisha yetu yote, Mjomba.